Sura ya Saba: Mafundo Matatu

Mkuu wa kituo hakuwa amekaa. Alisimama nyuma ya meza mikono kiunoni, na mbele yake hati ya mashtaka ilikuwa imeshapigwa chapa, imebaki sahihi.

"Siku kumi na tatu, Taratibu," alisema. "Muda tuliopewa na mahakama unaisha leo saa tisa alasiri. Saa tisa huyo mama anasimama mbele ya hakimu, au namfungulia mlango aende zake. Na kumfungulia simfungulii."

Kituo kizima kilimwita Taratibu, kuanzia mkuu mpaka mfagizi, na yeye mwenyewe alishazoea kuitika. Alikuwa na karatasi mkononi, jedwali la maji kupwa na kujaa, imekunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo.

"Naomba mpaka saa tisa," alisema.

"Ulikuwa nazo siku kumi na tatu. Ulizifanyia nini?"

"Nilikuwa nasubiri maji yatoke."

Mkuu alimtazama kama mtu aliyetemewa mate. "Mtu amekufa. Mwosha vyombo, baba wa watoto wawili, amekula mabaki ya sahani za watu na amekufa. Wageni tisa wamelazwa. Mji unataka kuichoma nyumba ya yule mama, na mpelelezi wangu anasubiri maji yatoke."

"Bamvua ni leo, Mkuu. Siku nyingine zote hizi maji yalikuwa hayashuki vya kutosha."

"Toka. Saa tisa. Ukichelewa dakika moja nasaini."

Taratibu akatoka.

Kesi yenyewe, kwa jinsi ilivyoandikwa kwenye jalada, haikuwa na kona. Hoteli ya ufukweni iliandaa karamu Alhamisi usiku, na chaza walioliwa walitoka kwa kikundi cha kina mama wavuna chaza. Mwenyekiti wa kikundi ni mwanamke wa miaka hamsini na ushei anayeitwa Mama Nyundo, kwa sababu nyundo yake ya kubandulia chaza huwa haimtoki kiunoni. Kanuni ya kikundi ni kwamba chaza wakishavunwa hukaa ndani ya tangi la maji safi siku tatu, wajitapishe uchafu. Kila asubuhi wanayoamkia tangini, kamba ya katani inayofunga magunia yao huongezwa fundo moja. Mafundo matatu, mzigo unaruhusiwa kuondoka. Kamba iliyokuwa kwenye mzigo ule ilikuwa na mafundo matatu. Sasa ilikuwa ndani ya bahasha kabatini mwa kituo. Kwa hesabu ya mkuu, Mama Nyundo alikuwa ameuthibitishia ulimwengu kwamba sumu ni chakula.

Juu ya hapo palikuwa na mwamba. Kikundi kilipewa kibali cha kuutunza, na walikuwa wameufunga upumzike mwaka mzima. Mkuu aliamini mwenyekiti aliagiza mwamba wake mwenyewe uvunjwe kwa siri, akajitia safarini. Akishtakiwa, kibali kinafutwa siku hiyo hiyo, na wenye mashine za kukwangua, waliokuwa wakiunyemelea mwamba ule miaka yote, wanaingia kesho yake.

*

Mnunuzi wa hoteli alimpokea mlango wa nyuma wa jiko. Shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi mabegani na kucha zake zilikuwa safi kuliko za daktari.

"Afande, mimi nimeshasema yote. Mzigo niliukuta tangini Alhamisi mchana, wenyewe hawapo, kama kawaida. Nikahesabu mafundo matatu, nikapakia. Sasa mnataka nini, niwafundishe kazi yenu?"

"Nataka magamba."

"Magamba gani?"

"Ya karamu ile."

Mnunuzi akacheka kwa pua. "Yako nje, kwenye makreti. Hao kina mama wanatulazimisha tuwatunzie. Kila wiki mbili wanakuja kuyabeba, wanayaanika, wanayarudisha baharini. Sijui wanayafanyia matambiko."

"Chaza wachanga hutafuta gamba la kuota juu yake," alisema Taratibu. "Wasipolipata, hufa."

"Haya, mwalimu."

Makreti yalikuwa manne, na nzi walikuwa wengi. Tangu maafa yatokee hakuna aliyekuja kuyabeba. Taratibu alichuchumaa, akatandaza gazeti, akaanza kutoa gamba moja moja. Hakuangalia ndani, palipong'aa. Alikuwa akiyapindua kuangalia mgongo, pale chaza aliposhika kitu alichoota juu yake. Chaza akishika jiwe, mgongo wake hutoka na sura ya jiwe. Akishika mti, hutoka na sura ya mti. Hilo hakufundishwa na mtu. Alilisoma mwenyewe ndani ya kijitabu cha idara ya uvuvi, usiku wa pili wa kesi, akalisoma tena.

Makreti matatu ya chini, ya mizigo ya kabla ya karamu, yalikuwa na migongo yenye nundu na mashimo, ya mwamba. Kreti la juu lilikuwa na kitu kingine. Magamba yake yalipinda kidogo, yote kwa mpindo mmoja, na juu ya mpindo ule palikuwa na matuta yaliyolingana, tuta na bonde, tuta na bonde, kama ubao wa kufulia nguo. Bahari haina jiwe lililochongwa hivyo.

"Umemaliza kuwabembeleza?" aliuliza mnunuzi.

Taratibu alihesabu magamba thelathini, akayatia kwenye mfuko wa turubai.

"Lete huo mfuko nikufungie, utakuja kuyamwaga kwenye gari la serikali." Mnunuzi akavuta kipande cha kamba kutoka kwenye boksi la mboga, akazungusha shingo ya mfuko, akafunga fundo, akaweka kitanzi juu yake, akakaza kwa vidole viwili. Alifanya hivyo huku akiangalia saa. "Nenda salama. Na mwambie mkuu wako hoteli inataka kesi iishe. Wageni wanahama."

"Aliyekufa alikuwa anakaa wapi?"

"Nani?"

"Mwosha vyombo wako."

Mnunuzi aliinua mabega. Taratibu aliubeba mfuko bila kuaga. 

*

Ua wa kikundi ulikuwa na matangi manne ya saruji, na yote manne yalikuwa yamevunjwa kwa marungu. Ukutani mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: WAUAJI. Mwanamke mmoja alikuwa akifagia vipande. Alikuwa mdogo wake Mama Nyundo, wa tumbo moja, na shingoni alivaa pete ya chuma upana wa kiganja, imening'inia kwenye uzi. Ilikuwa pete ya kupimia. Chaza anayepita ndani yake ni mtoto, haguswi.

"Umekuja kuchukua nini kingine?" aliuliza bila kuacha kufagia. "Dada mmemchukua. Nyundo mmeichukua. Umebaki ufagio."

"Nataka unipeleke baharini."

"Mimi si mpagazi wa polisi."

"Dada yako anapelekwa mahakamani saa tisa."

Ufagio ukasimama. Taratibu alifumua kidogo mshono wa pembeni wa mfuko, akachomoa gamba moja bila kuligusa fundo, akampa. Yule mwanamke aliutazama mgongo wa gamba kwa muda wa kupepesa jicho, akalirudisha.

"Sijui hilo."

Mtu aliyebandua chaza miaka minane, aliwaza Taratibu, hakuligeuza hata mara mbili. Alikunja suruali mpaka magotini.

Walianza na mwamba uliofungwa. Maji yalikuwa yamekimbia mbali, na mwamba wote ulikuwa wazi, mweusi, umejaa chaza kama vigae vya paa, wakubwa juu ya wakubwa, na wachanga wamejibana kwenye magamba ya zamani yaliyorudishwa. Katikati ya mawe palikuwa na vidimbwi vya maji meupe, samaki wadogo wakipenyapenya. Taratibu aliuzunguka mwamba ule kwa dakika arobaini akiwa ameinama. Hakuona kovu jipya hata moja.

"Hapa hapajaguswa," alisema.

"Nilimwambia mkuu wako. Nilimwambia akiwa amekaa, nikamwambia akiwa amesimama. Akaniambia kaoge unanuka." Akaonyesha mwamba kwa mkono. "Tulipoanza, hapa palikuwa tope tupu. Mashine zilishapita, zikakwangua mpaka mfupa. Dada akatufanya tubebe magamba kichwani miaka mitatu kabla hatujala chaza mmoja. Mitatu. Watu walituita vichaa wa jalalani. Leo maji yamekuwa meupe, samaki wamerudi, wanatuita wauaji."

"Sasa twende kule." Taratibu alinyoosha kidole upande wa mdomo wa mto, ambako bomba la maji taka la mji hutokeza.

"Huko hatuendi. Nyundo ya kikundi haijawahi kugusa lile bomba."

"Nielekeze tu njia."

Akatangulia. Tope lilikuwa laini, linameza mguu mpaka kwenye shavu lake. Taratibu alimfuata kwa nyuma akiangalia nyayo zake. Nusu ya njia, mwanamke yule alikata kushoto ghafla, akazunguka sehemu iliyokuwa tambarare kama nyingine zote, akarudi kwenye mstari. Taratibu alichomeka fimbo pale alipopakwepa. Fimbo ikazama yote.

"Umejuaje kuna shimo?"

Mwanamke yule alizidi kutembea.

Bomba lilikuwa limelala nje ya maji, refu, nene kuliko mtu. Ni siku za bamvua tu lilipoonekana hivyo. Lilikuwa la plastiki ngumu, na kuanzia mwanzo mpaka mwisho lilikuwa na mbavu, tuta na bonde. Harufu ilichoma macho. Taratibu alitoa gamba mfukoni, akaliweka juu ya bomba kwa mgongo. Lilikaa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Akatembea kando ya bomba taratibu, mara mbili. Chaza walikuwa wamebanduliwa kwa mabaka. Palipobanduliwa palikuwa na makovu meupe, safi, pigo moja kwa kila chaza. Katikati ya makovu waliachwa chaza wengine, mmoja mmoja, bila mkwaruzo.

"Niazime pete," alisema.

Yule mwanamke aliivua polepole mno. Taratibu aliipitisha kwa chaza wa kwanza aliyebaki. Ikapita. Wa pili, ikapita. Alipima ishirini, na wote ishirini walikuwa watoto.

"Mimi nilikuja hapa kumtafuta mwizi wa nje," alisema, na sauti yake haikupanda. "Mwizi angekwangua wote. Huyu alikuja kuvuna uchafu, akachagua. Akawaachia wadogo wakue. Kwenye bomba la choo, dada yangu. Mwizi gani anabakiza watoto?"

Yule mwanamke alikaa kwenye tope pale pale aliposimama.

"Mkono," alisema. "Mkono umezoea. Hata sikufikiri."

"Sema."

"Jumanne mnunuzi alikuja. Dada alikuwa kafuatwa na watu wa idara, kaenda kwenye mkutano wa kibali, harudi mpaka Ijumaa. Akasema anataka magunia sita kwa karamu. Nikamwambia mwamba umefungwa, na ile miamba miwili ya kuvunia haitoi sita. Akasema, sawa, nawapigia wenye mashine, na safari hii nawasimamia mimi mwenyewe kupata kibali. Alisema hivyo huku anakula embe langu." Akapangusa uso kwa mkono wenye tope. "Jumatano maji yakatoka. Nikaja hapa. Nikasema nitawaweka tangini siku tatu, nne, watajitapisha. Alhamisi asubuhi nikafunga fundo la kwanza. Moja. Nikaenda zahanati na mtoto. Kurudi mchana, tangi tupu."

"Ukanyamaza."

"Nikasema labda hawataumwa. Halafu wakaumwa. Halafu yule baba akafa, na dada akawa ameshachukuliwa."

"Siku kumi na tatu umekuwa ukimpelekea dada yako chakula mahabusu. Nimeona jina lako kwenye kitabu cha wageni, kila siku. Ulikuwa unamwambia nini?"

"Nilikuwa namuuliza kama amelala vizuri."

Taratibu aligeuka akatazama bahari, kwa sababu hakuamini uso wake. Kisha akatazama saa. Saa nane kasoro.

"Nyanyuka," alisema. "Unakuja na mimi."

*

Mama Nyundo aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa nane na nusu. Alikuwa amekonda, ila alikaa wima, viganja juu ya meza kama mtu anayesubiri apewe kazi. Mkuu alisimama mlangoni, hati mkononi, kalamu imeshafunguliwa kifuniko. Mdogo mtu aliachwa kwenye benchi la ukumbini, mlango umerudishwa.

Taratibu aliweka gamba moja mezani. Mama Nyundo hakuangalia. Alilipapasa mgongo kwa kidole gumba, tuta na bonde, na kidole kikaganda.

"La bombani," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wadogo walibaki?"

"Walibaki wote."

Akafumba macho. Alipoyafumbua, chumba kizima kilionekana kimekuwa kidogo kwake. "Nilijua ni mmoja wetu. Tangu siku ya kwanza mkuu wako aliponiuliza, kamba yenu huwa na mafundo mangapi, nikasema matatu. Akaandika. Nikasema moyoni, mmoja wa wanangu amefunga mafundo ya uongo. Nikanyamaza. Nikasema atakuja mwenyewe aseme. Kila mlango ukifunguliwa nasema, huyo, amekuja." Akamtazama Taratibu. "Amekuja?"

"Amekuja leo. Nimemleta."

"Basi hakuja."

"Lakini anasema alifunga fundo moja tu."

"Kila mtu atasema hivyo," alidakia mkuu. "Kamba ina matatu."

Taratibu alifungua bahasha, akaitoa kamba. Alikuwa ameiona mara nyingi. Aliipiga picha, aliipima urefu, aliyahesabu mafundo. Siku zote hizo hakuna mtu, yeye akiwemo, aliyewahi kuiweka mkononi mwa mwanamke aliyetuhumiwa kwa ajili yake. Alijisikia kuchukia upole wake wote.

"Ishike, mama."

Mama Nyundo aliipokea, akaanza kuihesabu kwa vidole. Fundo la kwanza lilikuwa gumu kama kokwa, limekolea ukijani wa tangi ndani ya nyuzi. Alilijaribu kwa kucha. Halikusogea.

"Hili ni letu," alisema. "Tunafunga kamba ikiwa imelowa, mikono imelowa. Ikikauka, haifunguki mpaka ukate." Akasogea kwenye la pili. Kamba hapo ilikuwa ya rangi ya majani makavu, haina ukijani. Juu ya fundo palikuwa na kitanzi; aliuvuta mkia wake kwa vidole viwili, na fundo likafunguka kama kamba ya kiatu. La tatu nalo likafunguka. Kamba ikabaki mezani na fundo moja.

Kalamu ya mkuu ilishuka.

"Maji yalitoka Jumatano mchana," alisema Taratibu. "Siku mbili kabla bomba lilikuwa bado chini ya maji. Mzigo uliondoka Alhamisi mchana. Asubuhi ni moja tu hapo katikati, Mkuu. Fundo ni moja. Haya mawili yalifungwa yakiwa makavu, na mtu asiyeijua kazi."

"Mtu gani?"

Mama Nyundo alikuwa ameshaacha kumsikiliza yeyote. Alikuwa anautazama mfuko wa turubai uliowekwa sakafuni, karibu na mguu wa meza. Aliinama, akashika shingo yake, akaligusa fundo. Fundo, kitanzi juu yake, limekazwa kwa vidole viwili.

"Na hili alifunga nani?"

"Mnunuzi wa hoteli," alisema Taratibu. "Leo asubuhi. Alinionea huruma."

Mkuu aliutazama mfuko, akaitazama kamba, akautazama tena mfuko. Uso wake ulipanda wekundu mpaka masikioni. Alikunja hati ya mashtaka mara moja, mara mbili, akaitia mfukoni, akatoka, na wakamsikia ukumbini akiagiza gari kwa sauti ambayo kituo hakijawahi kuisikia.

"Uko huru, mama," alisema Taratibu. "Kibali hakitaguswa. Mnunuzi atajibu kwa kifo kile. Mdogo wako naye ana lake la kujibu, ila yeye alikusudia wakae siku tatu. Wakili anaweza kusema wangesafika."

"Chaza wa bomba lile? Hata mwezi hawasafiki." Mama Nyundo akasimama. "Usimtafutie mlango."

Alifungua mwenyewe. Mdogo wake alinyanyuka kwenye benchi, tope limemkaukia mpaka kiunoni, akafungua mikono. "Dada."

Mama Nyundo alimsogelea. Kisha akanyoosha mkono, akaushika ule uzi shingoni mwa mdogo wake, akaupitisha juu ya kichwa chake kwa uangalifu, asimkwaruze sikio. Akarudi chumbani, akaiweka pete mezani kando ya kamba na gamba.

"Na hii ni kielelezo," alimwambia Taratibu. "Iandike."